Upepo Ndani ya Breki

Machi 9

Leo nimegawana karakana na Shemeji. Naandika kwa sababu nimeshafunga mlango, nimeshaosha mikono, na hakuna wa kumwambia.

Tumegawana kila kitu nusu kwa nusu, kama warithi wasiopendana. Spana tulizipanga sakafuni, moja yake, moja yangu. Tyubu vivyo hivyo. Pampu zilikuwa mbili, Mungu alituhurumia. Tulipofika kwenye mafuta ya breki sikutaka aje kusema nimempunja, nikatafuta chupa nne tupu za maji, zote sawasawa, nikamimina. Mafuta ya breki za baiskeli, nusu yake nusu yangu. Mafuta ya breki za pikipiki, nusu yake nusu yangu. Nikaandika ubavuni kwa kalamu ipi ni ipi. Shemeji alikaa kwenye kigoda akisema "sawa, sawa" bila hata kugeuza shingo. Kisha akabeba boksi lake, akavuka barabara, akaingia kile chumba cha mbele cha nyumba yake kilichokuwa saluni. Kibao cha saluni hajakitoa.

Chanzo ni bolti. Wiki iliyopita alimrudishia mwalimu baiskeli ambayo bolti za kalipa, kile kibano kinachobana diski ya gurudumu, hazikukazwa. Mwalimu akarudi nayo ikigongagonga kama masufuria yanayohamishwa. Damu ikanipanda. Nikamwambia Shemeji pale pale, mwalimu akisikia: "Kama umechoka kaa nyumbani, usituulie watu." Jioni akasema, "Tugawane." Na mimi, kwa kuwa mdomo wangu hauna breki za aina yoyote, nikasema, "Hata sasa hivi."

Shemeji ni mume wa dada yangu, na dada yangu tulimzika mwaka jana. Wateja walituita Taratibu na Pilipili, yeye kwa mikono yake, mimi kwa mdomo wangu. Dada alikuwa akikaa katikati yetu na ufumaji wake, akimpa huyu spana, akimpa huyu chupa. Enzi zake hatukugombana, alitugombeza yeye wote wawili. Mimi sikuoa. Kisa chake ni kirefu na mvua inaingia dirishani.

Machi 10

Mvua. Hakuna aliyekuja.

Machi 11

Mvua. Amekuja mwanamke kuulizia saluni. Nimemwelekeza kwa Shemeji.

Machi 16

Leo nimetoa upepo kwenye breki peke yangu. Baiskeli ya mlimani, diski mbele na nyuma, breki za mafuta. Mwenyewe analalamika kwamba akibana, mkono wa breki unalala mpaka unagusa usukani. Hiyo ni hewa imeingia kwenye mrija. Mafuta hayakubali kubanwa, hewa inakubali, kwa hiyo unabana hewa na gurudumu linaendelea na safari zake.

Sisi kazi hii tumeifanya siku zote watu wawili. Mmoja yuko juu, ameshika mkono wa breki. Mwingine yuko chini kwenye kalipa, ana spana na kimrija cha plastiki kinachoingia kwenye chupa. Wa chini anasema "bana", wa juu anabana na kushikilia. Wa chini anafungua skrubu, mafuta yanatoka pamoja na mapovu, anafunga, anasema "achia". Wa juu akiachia kabla skrubu haijafungwa, hewa inarudi ndani na mnaanza upya, na hapo ndipo matusi yanapoanzia. Miaka yote Shemeji alikuwa juu, mimi chini.

Leo nimeufunga mkono kwa kipande cha tyubu. Nikachuchumaa, nikafungua, nikafunga, nikasimama, nikafungua tyubu, nikajaza mafuta, nikafunga tyubu, nikachuchumaa. Magoti yangu si ya kazi hiyo. Nikajisikia nikisema "achia", nikangoja kabisa, mtu mzima na akili zake. Nikacheka. Kisha nikanyamaza, maana kucheka peke yako kuna sauti mbaya.

Tone likaangukia pedi, kile kipande kinachoisugua diski. Pedi ikishanywa mafuta haina maisha, itapiga kelele na kuteleza. Nimempa mteja pedi mpya kwa hasara yangu. Kidole kimoja hakivunji chawa, waliosema hivyo hawakusema kidole chenyewe kifanye nini kikishabaki kimoja.

Machi 18

Mkunga ameingia kwa Shemeji na baiskeli yake. Ni mteja wake wa siku nyingi. Nyumba yake iko juu kabisa ya mlima, zahanati yake iko huku chini, na barabara ni ile moja inayoteremka bila kupumzika mpaka darajani. Kwa dirisha nimemwona Shemeji akimwaga mafuta yote ya zamani na kutia mapya. Walikuwa wakicheka kitu. Sijali.

Machi 19

Walikuwa wakicheka nini?

Machi 25

Leo nilijishusha. Shemeji alikuwa akifagia mlangoni kwake, mvua imekatika kidogo, nikamwinulia mkono kutoka upande huu. Akainua uso, akanitazama sawasawa, kisha akaendelea kufagia.

Haya. Nina mikono miwili na yote nitaiweka mfukoni.

Machi 29

Nimepika chakula kingi tena. Mkono umezoea watu watatu na haujui kuhesabu. Nimekula nusu, nusu nimeiacha ya kesho, na kesho nitaila nikiwa nimekasirika.

Aprili 3

Mvua ya kutwa. Maji yamepita barabarani katikati yetu kama mto, meusi kwa takataka. Taa yake ilikuwa haijawashwa ingawa kulikuwa kiza mchana huu. Bahili yule, nikasema moyoni. Anakaa gizani kuokoa umeme.

Aprili 7

Mkunga amepita akiteremka. Breki ya mbele inalia. Nimeisikia tangu kona ya juu.

Aprili 8

Inalia zaidi.

Aprili 13

Leo amesimama hapa kujikinga na mvua. Akaniambia, "Fundi, mkono wa breki umekuwa mgumu. Nikibana hautaki kurudi."

Ningeweza kumwambia, lete niiangalie. Baiskeli ilikuwa hapo hapo, imeegemea mlango wangu, inadondosha maji kwenye viatu vyangu. Nikamwambia, "Muulize fundi wako."

Akasema, "Nimemuuliza. Anasema ni pedi, zitazoea."

Nikasema, "Basi zitazoea."

Mvua ilipopungua akapanda, akaenda. Nimekaa na jibu langu mchana kutwa na halikupungua ubaya.

Aprili 16

Amekuja akiikokota. Kiwiko kimechubuka mpaka damu, sketi ina matope upande mmoja. Breki ya nyuma ilikataa kushika akiwa anakaribia daraja, ya mbele ilikuwa imekwama nusu, akaona heri ajitupe kwenye majani ya kando kuliko aingie mtoni. Kwa Shemeji mlango ulikuwa umefungwa.

"Usiniulize chochote," akaniambia. "Niangalizie tu."

Nikamkalisha, nikampa maji na kitambaa safi. Nikafungua skrubu ya kalipa, nikatoa mafuta kidogo kwenye kifuniko. Mafuta tunayotia breki za baiskeli ni mekundu. Haya yalikuwa na rangi ya chai iliyochujwa mara ya tatu. Nikadondosha tone kwenye kikombe cha maji. Mafuta ya baiskeli yangeelea. Tone hili likazama, likajichanganya na maji, likapotea.

Mafuta ya pikipiki. Ukiyatia kwenye breki hizi hayaharibu siku hiyo wala wiki hiyo. Yanazivimbisha raba za ndani taratibu, mpaka pistoni zinakwama na mtu anajitupa kwenye majani.

Nilifurahi. Siwezi kujidanganya humu, nilifurahi mno. Nilikuwa na kosa lake mkononi, ndani ya kikombe, na mwenye kiwiko kilichochubuka kama shahidi. Nikamwambia mkunga aniachie baiskeli, aende akajitibu. Shemeji aliporudi na kufungua mlango, nikavuka barabara na kikombe changu. Njiani nilikuwa nikipanga maneno, na yalikuwa makali kweli.

Alikuwa amekaa kwenye benchi anamimina chai. Kidole chake cha shahada kilikuwa ndani ya kikombe. Chai ilipokigusa akaacha kumimina, akakitoa, akakipuliza. Nikasimama mbele yake, hatua mbili tatu, mchana mweupe. Akainua uso, akanitazama machoni.

"Karibu, mteja," akasema. "Breki au gurudumu?"

Maneno yote yaliyokuwa yamepangwa yakaniishia.

"Ni mimi," nikasema.

Kisha akatoa tabasamu la uongo. "Aa, Pilipili. Umesimama kwenye mwanga, ndiyo maana."

Mwanga ulikuwa nyuma yake.

Nikakaa kwenye benchi. Nikaweka kikombe chini kusudi asijue nilikuwa nacho, kisha nikakumbuka kwamba asingejua. "Shemeji," nikasema, "tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Shemeji."

Akanywa chai yake. Akasema mwanzo ilikuwa pembeni tu, kama kuchungulia kwenye bomba, na bomba likawa linasinyaa. Dada yangu alijua. Ndiye aliyekuwa akimpa kila chupa mkononi, akisema hii ya baiskeli, hii ya pikipiki, kana kwamba ni maongezi tu. Na mimi nilikuwa nimekaa hapo, nikisikia, miaka. "Alipoondoka nikawa nanusa," akasema. "Yale mekundu yana harufu yake. Sijawahi kukosea."

"Ulikosea kwa mkunga."

Nikamweleza. Majani, daraja, kiwiko. Sikuongeza chumvi, lakini hata bila chumvi jambo lilikuwa chungu. Akakiweka kikombe chini, chai haijaisha.

"Siku ile," akasema polepole, "nilikuwa na mafua."

Hakuna kitu nilichowahi kukisikia kikaniuma kama hicho. Alikuwa na mafua. Alikuwa na chupa mbili zilizofanana, nilizomfananishia mimi kwa ubahili wa haki yangu, zenye maandishi asiyoyaona. Na asingevuka barabara kuniuliza, kwa sababu angevuka kuja kusikia nini? Kwamba amechoka, akae nyumbani.

"Na siku ile ulipokuwa unafagia," nikasema, "nilikupungia mkono."

"Kweli?" akasema. "Ningeitika." 

Aprili 17

Nimefungua breki zote mbili za mkunga. Raba zimevimba, hazifai hata kwa dawa. Breki nzima nzima kama hizo hapa hazipatikani ila kwenye baiskeli moja, nayo ni yangu, inayoning'inia ukutani. Nimezing'oa. Magoti yangu yenyewe hayajauona mlima siku nyingi.

Kisha nikavuka, nikamwambia Shemeji aje. Akasema, "Nije kufanya nini?" Nikamwambia, "Kushika mkono wa breki. Au unataka nimwite yule mwanamke wa saluni?"

Akaja akiwa ameshika bega langu, tukijifanya tunaongea tu.

Nikamsogezea kigoda, yeye juu, mimi chini. "Bana." Akabana. Nikafungua, mapovu yakatoka, nikafunga. "Achia." Mvua ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba ilibidi tupaze sauti. Tulipofika mahali nikaona mafuta yanatoka safi, bila povu lolote, nikasema imekwisha. Akasema, "Bado. Kuna moja."

"Sioni."

"Mimi pia sioni," akasema, na tukacheka wote wawili mpaka nikamwaga mafuta. "Iko huku juu, naisikia kwenye kidole. Gonga mrija."

Nikagonga mrija kwa kipini cha bisibisi. Bana. Fungua. Kapovu kamoja, kadogo kama kichwa cha sindano, kakapanda kwenye kimrija, kakaenda zake.

Tukaweka kalipa sawa. Mimi huweka karatasi nyeupe nyuma ya diski nikaangalia mwanya uko sawa pande zote mbili. Yeye alizungusha gurudumu akatega sikio, akasema, "Kulia, kidogo sana." Zamani nilidhani anajitia utaalamu.

Mkunga amekuja jioni, ameijaribu kushuka na kupanda, amerudi ameridhika. Shemeji akamwambia mwenyewe: kosa ni langu, macho yangu hayafai, usinifiche ukiniona nakosea tena. Mkunga akaushika mkono wake akasema pole. Mimi nikajitia kutafuta kitambaa.

Aprili 18

Shemeji amekuja tena. Tumefanya pedi mbili na mnyororo.

Aprili 19

Amekuja. Amekula huku. Chakula kimetosha, hakikubaki.

Aprili 22

Mvua. Hakuna mteja. Tumebishana kama maharage huwekwa chumvi mwanzo au mwisho. Siku nzuri.

Aprili 26

Leo alivuka peke yake kabla sijamfuata. Pikipiki ilikuwa inashuka. Mwenye pikipiki aligeuza usukani, akaserereka kwenye matope, akaanguka, akainuka akitukana. Shemeji alisimama katikati ya barabara akiuliza, "Nini? Nini?"

Alinishika mkono akasema nisimwambie bintiye aliyeolewa mbali. Aliniapisha. Nikaapa.

Aprili 27

Nimempigia bintiye.

Naandika na mkono mzito. Sikulala, asubuhi nikaangalia ile barabara, nikachukua simu. Mpwa wangu alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mjomba, kwa nini hamkuniambia?" Ile *ham* yake imenigusa, kwa sababu mimi mwenyewe nilijua juzi tu, lakini sikujitetea. Akasema anakuja.

Nikaenda kumweleza Shemeji kabla hajasikia kwa mwingine. Hakupandisha sauti. Alisema, "Umenivua nguo mara mbili. Mara ya kwanza mbele ya mteja. Sasa mbele ya mwanangu." Kisha akafunga mlango wa saluni.

Aprili 28

Hakuja.

Aprili 29

Hakuja. Nimegonga, akasema amelala. Jua lilikuwa utosini.

Mei 3

Mpwa wangu amefika, amempeleka baba yake kwa daktari wa macho. Ana uso wa dada yangu akikasirika, na nyusi zile zile. Ilibidi nitoke nje kidogo.

Mei 4

Ni presha ya macho. Kilichopotea hakirudi. Kilichobaki kinaweza kulindwa kwa dawa na kwa mtu wa kumtilia dawa hiyo bila kusahau. Mpwa wangu anakaa mbali, siku nzima ya barabara. Amesema atamchukua. Jumamosi gari la mumewe litakuja.

"Mjomba, si kwamba hukumtunza," akaniambia. Nilikuwa sijasema chochote.

Mei 6

Nimekwenda kwa Shemeji. Alifungua. Alikuwa anafunga vitu vyake kwenye lile boksi, anapapasa kila spana kabla ya kuiweka.

Nikamwambia, "Usiende. Dawa nitakutilia mimi. Nitahamia kwako au uhamie kwangu, lolote."

"Kwa kazi?" akasema. "Si uliniambia una kile kipande chako cha tyubu?"

"Kazi naiweza peke yangu. Kukaa ndiko siwezi."

Sijawahi kumwambia mtu neno kama hilo tangu nizaliwe, wala dada yangu. Limetoka tu. Shemeji aliacha kupapasa spana. Akageuza uso upande wangu, kidogo kando ya nilipokuwa.

"La mwanangu nimelimeza," akasema. "Ulifanya kwa kunionea uchungu. La mteja bado limenikaa kooni. Ulinisema mbele ya mteja, niombe radhi mbele ya mteja."

"Nikikuomba, utabaki?"

"Niombe kwanza."

Mei 7

Mvua imekatika. Hakuna mteja hata mmoja. Watu wote wako mashambani na kwenye paa zao wanaziba matundu.

Mei 8

Jua. Hakuna mteja. Nimempigia mwalimu yule yule wa bolti, amesafiri. Nimempigia mkunga aje hata kwa salamu. Hakupokea, yuko kazini, kuna mtu anazaliwa.

Mei 9, Jumamosi

Nimefungua mapema. Shemeji amevushwa na bintiye, amevaa shati lake la safari, akakaa kwenye kigoda. Mpwa wangu akasema gari litafika karibu na adhuhuri, akarudi kule kumalizia mizigo. Tukabaki wawili, tunangoja mteja.

Ni kitu cha ajabu kungoja mteja ili umwombe mtu mwingine radhi. Kila aliyepita nilimtolea macho. Alipita muuza mayai, anatembea kwa miguu. Walipita wanafunzi, hawana hata toroli. Ilipita baiskeli moja, nikasimama mlangoni, mwenyewe akanisalimia kwa kengele akaendelea, breki zake nzima, Mungu amsamehe.

Katikati tuliongea. Shemeji aliniuliza kama ukuta wa nyuma bado unavuja. Nikasema unavuja. Akasema dada yangu aliwahi kumwambia, siku walipokutana, kwamba ana kaka mmoja mwenye kelele na ukimzoea humsikii tena. "Mimi sikukuzoea," akasema. "Nilikuwa nakusikia kila siku." Nikamuuliza kule anakokwenda kukoje. Akasema hajui, ila mjukuu ana mikono mizuri, atamfundisha kukaza spoki. Akaniuliza jua limefika wapi. Nikasema limefika kizingitini. Baadaye akauliza tena, nikasema bado liko pale pale. Nilidanganya, lilikuwa limeshaingia ndani mpaka vidoleni mwake, na nadhani alilisikia.

Gari likapiga honi kwa mbali.

Nikatoka nje mbio. Barabarani kulikuwa na mtu mmoja, mwanamume wa makamo, amebeba fremu ya dirisha isiyo na kioo, kichwa kimetokea katikati yake. Nikamshika mkono nikamwingiza ndani na dirisha lake.

"Huyo nani?" Shemeji akauliza.

"Mteja."

"Una baiskeli?" Shemeji akamuuliza.

"Sina, mzee."

"Uliwahi kuwa nayo?" nikadakia mimi.

Mtu yule akanitazama, akamtazama Shemeji. "Ya mdogo wangu. Iliibwa."

"Inatosha," nikasema. Nikamgeukia Shemeji. Nikasema: huyu ni fundi, bora kuliko mimi, nilimdhalilisha mbele ya mteja, nikamwambia kama amechoka akae nyumbani asituulie watu, na hakuwa amechoka, alikuwa haoni, na hata kama angekuwa amechoka sikuwa na haki. Nikasema nisamehe, Shemeji. Mtu yule alivua dirisha shingoni kwa heshima, akaliegemeza ukutani.

Gari lilisimama nje. Shemeji akanyoosha mkono hewani, nikaupa wangu.

"Nilikusamehe juzi," akasema, "ulipokuja kuniambia nisiende. Naondoka tu, mwanangu ameshaamua na ana haki. Nilitaka tukae kidogo."

Mpwa wangu akaingia, akambusu baba yake kichwani, akamwinua. Nilimshika upande wa pili mpaka kwenye gari, nikamfunga mkanda, nikaangalia kama shati halijabanwa na mlango. Nikamwambia mpwa wangu ile dawa asubuhi na jioni, akasema, "Najua, Mjomba." Wakaondoka. Nilirudi ndani nikafuta benchi, lilikuwa safi.

"Mzee," akasema yule mtu wa dirisha, alikuwa bado amesimama pale pale, "mimi naweza kwenda sasa?"

Nikamsogezea kigoda. Nikamwambia akae kidogo.